Gari Lililokataa Rangi

Kabla ya gari la shemeji yangu Kasimiri, kitu kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kupaka rangi kilikuwa jeneza lake. Nililipaka vanishi kwa brashi ya inchi tatu, uani kwa dada yangu, na kwa kuwa nilikuwa na haraka, nilipaka mkono wa pili kabla wa kwanza haujakauka. Waliolibeba siku ile walirudi kutoka makaburini viganja vikinata. Hakuna aliyenilaumu. Lakini Alois, mdogo wa marehemu, alinionyesha kiganja chake, akakifunga na kukifungua, akasema, "Shemeji Octavian, kaka hataki kuniachia."

Mimi hutengeneza redio na pampu za maji hapa Urambo. Sikusomea. Nilianza kwa kufungua, kuangalia na kufunga, na kama skrubu imebaki mkononi, nafungua tena. Kwa njia hiyo mtu hujifunza mambo mengi, ila hujifunza polepole.

Gari lenyewe ni Pijo la zamani, la buluu iliyopauka. Kasimiri alilinunua kwa mwalimu mmoja mstaafu wa Tabora mjini, kwa asali ya misimu minne. Asali hiyo aliirina yeye, na dada yangu Marcelina akaichuja. Miaka kumi na tisa Marcelina alikaa kiti cha kushoto, mkoba mapajani, na hakuwahi kushika usukani hata mara moja. Kasimiri alipofariki, gari lilibaki chini ya mkorosho. Mvua za mwaka ule zikanyesha, majani yakaliangukia, kutu ikaanza kwenye milango. Rangi ya juu ikachanika kama ngozi ya mtu aliyeungua jua.

Siku ya arobaini, watu wakiwa wamekula na kushiba, Alois alisimama.

"Shemeji Marcelina," alisema, "gari la kaka litaota uyoga. Mimi nakupa mpaka misa ya kaka ya mwaka. Siku hiyo likifika kanisani kigangoni linang'aa, na wewe mwenyewe kwenye usukani, ni lako mpaka kiama. Likifika limevutwa na ng'ombe, au lisipofika kabisa, nalichukua mimi. Watu mmesikia?"

Watu wakacheka. Kwetu Wanyamwezi shemeji ana ruhusa ya kusema karibu lolote, na lote huitwa utani. Ugumu wake ni huu: ukiukasirikia utani, umeshindwa, ukiucheka, umekubali. Niliona Marcelina akimtazama, akatazama mikono yake mwenyewe, halafu akacheka. Kwa hiyo alikuwa amekubali, na watu sitini walikuwa mashahidi.

Sikumwona Alois kuwa mtu mbaya, wala leo simwoni hivyo. Mama yao, Bibi Gaudensia, ana kisukari, na miguu yake haina nguvu. Kila mwezi Alois humpeleka kliniki kwa pikipiki, amemfunga kiunoni mwake kwa kitenge ili asidondoke njiani. Mtu anayembeba mama yake hivyo, akipita mbele ya gari lililosimama chini ya mkorosho, lazima atawaza.

Lakini dada yangu naye hakukaa bure. Nilimfundisha kuendesha kwenye uwanja wa kituo cha kununulia tumbaku, miezi ambayo hakuna mnada, akizunguka mapipa matupu niliyoyapanga. Mara tatu aligonga pipa. Mara ya nne hakugonga, akanitazama kama mtu aliyevuka mto. Leseni akapata. Injini tuliamsha, breki tukabadilisha. Likabaki neno moja tu la Alois: *linang'aa*.

Mafundi wa Tabora waliliangalia wakasema watakaa nalo miezi miwili. Tulikuwa na wiki tatu.

"Wewe huwezi?" Marcelina aliniuliza.

Nilifikiri juu ya jeneza. "Sijui," nilimjibu. "Lakini naweza kujifunza."

Niling'oa kifuniko kidogo cha tangi la mafuta, nikakitia mfukoni, nikapanda treni hadi Tabora. Ndani ya kifuniko, mahali ambapo jua halifiki, buluu ya kwanza ilikuwa bado nzima. Muuza rangi akaitazama dirishani, akachanganya mpaka ikalingana. Wakati ananichanganyia nilimuuliza maswali, nikayaandika kwenye daftari: msasa upi wa kuanzia na upi wa kumalizia, thina ya kuyeyushia rangi kiasi gani, nisubiri dakika ngapi kati ya mkono mmoja na mwingine. Hilo la mwisho nililipigia mstari mara mbili.

Shida ya kwanza ilikuwa vumbi. Agosti huku upepo hauna adabu, na rangi mbichi hushika kila kinachopita. Nikakumbuka bani la Kasimiri. Enzi za kulima tumbaku alijenga bani kubwa la kukaushia, la matofali ya udongo, lisilo na dirisha. Ukuta wake wa mbele ulianguka na mvua mwaka juzi. Tuliondoa matofali yaliyobaki, tukapangusa vumbi la tumbaku lililokaa kwenye fito kwa miaka, tukamwaga maji sakafuni, tukaning'iniza turubai mahali pa ukuta. Gari likaingia kwa kurudi nyuma, Marcelina akiendesha, likabakiza nafasi ya mtu mmoja kila upande.

Kompresa niliazima kwa Justini, fundi pancha wa njia panda, mtu wa Ulyankulu mwenye maneno machache na yote yana ncha. Alikuja nayo mwenyewe, pamoja na bunduki ya kupulizia rangi.

"Usiikaribie kazi kama unayetaka kubusu," aliniambia, "wala usisimame mbali kama unayemwogopa mkwe. Shibiri moja. Na mkono usisimame."

Siku kumi nilipiga msasa. Nilianza na milango, nikaziba mashimo ya kutu kwa puti, nikasugua hadi kiganja kikipita hakisikii mpaka. Niliosha gari zima kwa sabuni ya unga, mara mbili. Vioo, taa na bampa nilivifunika kwa magazeti na gundi ya karatasi. Kifuniko cha buti nilikuwa nimekifungua na kukiegemeza ukutani, nikisema nacho nitakipiga msasa mwisho. Nilipaka rangi ya chini, ile ya kijivu, kwenye milango na pale palipokuwa na puti tu, kwa maana kwingineko rangi ya zamani ilikuwa bado imeshika, nami niliambiwa inatosha kuikwaruza.

Jumatatu ya wiki ya misa, nikavaa barakoa mbili zilizobaki tangu enzi za korona, nikaanza na boneti.

Kwa muda wa kama kuhesabu kumi, ilikuwa nzuri. Buluu ilitandaa kama maji kwenye jiwe laini. Halafu nikaona kitone kikifunguka. Kilikuwa kidogo kama kichwa cha pini, kikawa kama dengu, na ndani yake rangi ya zamani ikaonekana. Kando yake kikafunguka kingine. Kisha vikawa vingi sana, boneti nzima, kama macho yanayofumbuka. Rangi ilikuwa inakimbia chuma. Nilisogea kwenye paa, ikawa hivyo hivyo. Milango peke yake ilitulia kidogo, nayo si yote.

Nikazima kompresa. Marcelina alikuwa nje ya turubai. Aliniona nilivyotoka, akainua turubai akatazama mwenyewe.

Kesho yake asubuhi Alois alipita, akitoka kumpelekea mama yake maziwa. Nilidhani atacheka. Aliinua turubai, akatazama boneti kwa muda mrefu, akavua kofia.

"Kaka amekataa," alisema.

"Ni rangi tu, shemeji," nikamwambia.

"Rangi haina macho. Hii ina macho." Hakuwa anatania. Sauti yake ilikuwa imeshuka alipomgeukia dada yangu, aliyesimama nyuma yetu. "Shemeji Marcelina, mimi sikusema vile ili tufike huku. Kama mwenyewe hataki liguswe, tusilazimishe."

Alipoondoka dada yangu aliingia ndani ya nyumba, akatoka na funguo za gari.

"Mpelekee," alisema.

"Dada."

"Mpelekee, Octavian. Mwaka mzima nimejikaza. Kama ni watu naweza kubishana nao. Siwezi kubishana na Kasimiri. Hata alipokuwa hai sikuweza."

Nilizipokea, kwa kuwa sikutaka abaki nazo mkononi. Nikazitia mfukoni, pamoja na kile kifuniko cha tangi. "Nipe leo tu," nikamwambia. "Redio ikikataa kusema, siamini mara moja kwamba imekasirika. Natenganisha kimoja kimoja kwanza."

Nilishuku vitu vinne, nikaviandika. Bani: labda lami ya tumbaku iliyoganda kwenye fito ilikuwa inatoa kitu hewani. Kompresa ya Justini: labda inatema mafuta. Rangi yenyewe. Na mimi. Nilichukua kipande cha bati jipya, nikakipiga msasa, nikakiosha kwa ile sabuni ya unga, nikakining'iniza ndani ya bani mahali pale pale, nikakipiga kwa bunduki ile ile, rangi ile ile, mkono ule ule. Kikatulia. Kilikuwa laini kama maziwa ndani ya kikombe.

Nikamwita Marcelina. "Ona. Si bani, si kompresa, si rangi. Wala si mimi. Ni gari."

"Ndivyo anavyosema Alois," alijibu.

Nilikaa kwenye tofali. Yeye, kwa kuwa hajui kukaa, alichukua ndoo na kitambaa akaanza kuosha kile kifuniko cha buti kilichoegemea ukutani, ambacho nilikuwa bado sijakigusa kwa msasa. Nilimsikia akimwaga maji. Akamwaga tena.

"Njoo uone," alisema.

Maji hayakuwa yanakaa. Yalijikunja kuwa shanga, yakabingirika hadi chini, na chuma kikabaki kikavu, kama jani la gimbi baada ya mvua. Marcelina aliweka kidole, akakwangua kwa ukucha, akanusa ukucha. Akafumba macho.

"Nta," alisema.

"Nta ipi?"

"Ya nyuki, nta ipi nyingine. Kila Jumapili baada ya misa alilipaka gari nta. Anaiyeyusha na mafuta ya taa kidogo, anapaka kwa soksi kuukuu, anasugua. Mvua isikae, ndivyo alivyokuwa akisema. Miaka kumi na tisa." Aliangalia ukucha wake tena. "Hata si yeye aliyekuwa akiyeyusha. Ni mimi. Nilikuwa nampelekea kwenye kikopo."

Nilihesabu kichwani: miaka kumi na tisa mara Jumapili hamsini na mbili. Na mimi siku kumi nimepita juu yake na msasa, nikiisukuma ndani ya kila mkwaruzo niliouchimba.

"Lakini niliosha," nilisema. "Kwa sabuni, mara mbili."

Akanigeukia. "Sabuni? Nta kwa sabuni? Mdogo wangu, wewe umekulia wapi?"

Nilikulia nyumba moja naye, palepale ambapo mama yetu alikuwa akichemsha masega kila Juni. Nilijua kuwa nta haishikani na maji, kama kila mtoto wa huku anavyojua. Ndiyo maana tunaipaka kwenye mizinga na kwenye viatu. Sikuwahi kufikiri kwamba gari nalo linaweza kuwa mzinga.

Tangu hapo kazi haikuwa yangu tena. Marcelina alijifunga kanga kiunoni akaniamuru. Kwanza maji ya moto sana, kitambaa kilichokamuliwa, kukanda mpaka chuma kipate joto na nta ilegee. Kufuta mara moja. Halafu mafuta ya taa. Halafu petroli. Na kila mara kitambaa kipya.

"Kitambaa kilichofuta hakirudi," alisema. "Ukirudisha, unaipaka upya. Hata kwenye kutengeneza mishumaa ni hivyo."

Tulichana mashuka mawili na shati moja la Kasimiri. Lile shati alilishika kidogo, halafu akalichana kama mengine. Turubai tuliliinua lote ili mvuke wa petroli utoke, na moto wa kuchemshia maji tuliuweka mbali, nyuma ya nyumba, tukabeba ndoo kwenda na kurudi. Joto lilipoingia kwenye chuma, bani lote likaanza kunuka asali. Harufu ile ikapita juu ya tumbaku, na kufika adhuhuri nyuki wakaja. Hawakuwa wengi. Walitembea juu ya boneti wakipapasa. Niliinua mkono kuwafukuza.

"Waache," Marcelina alisema. "Wamekuja msibani. Wakimaliza wataondoka."

Alikuwa akifuta paa, amesimama juu ya debe, na alikuwa akilia bila kusimamisha kazi. Nikaendelea na mlango wangu. Baada ya muda alisema, si kwangu hasa, "Kumbe hakukataa. Alikuwa analilinda tu."

Jumatano na Alhamisi tulikwangua rangi iliyoharibika, tukapiga msasa upya, tukafuta tena kwa petroli. Alhamisi jioni nilimwaga maji kwenye boneti. Yalitandaa yakakaa. Nikampa dada yangu funguo zake. Akazifunga kwenye pindo la kanga.

Ijumaa asubuhi, kabla upepo haujaamka, nilipaka rangi ya chini gari zima. Baadaye nikaingiza buluu kwenye bunduki. Boneti ilitulia. Milango ikatulia. Kati ya mkono mmoja na mwingine nilitoka nje, nikakaa, nikatazama saa kama nilivyoandika kwenye daftari, ingawa vidole vilikuwa vinaniwasha kurudi. Kwenye ubavu wa nyuma mkono wangu ulisimama kidogo na mchirizi ukashuka, mrefu kama kidole. Niliuacha. Nilipofika kwenye buti, bunduki ikaanza kukohoa. Nikakamua kopo. Rangi ikatosha buti. Kwa paa haikutosha. Rangi ya Jumatatu, ile tuliyoikwangua na kuitupa, ndiyo ilikuwa ya paa.

"Halijakamilika," nilimwambia dada. "Tunaweza kumwomba padre asogeze misa."

Alizunguka gari mara moja. "Misa ni kesho saa nne," alisema.

Jumamosi niliketi kiti cha kushoto, na yeye kwenye usukani. Aliendesha taratibu mno hata baiskeli mbili zilitupita, na mmoja wa waendesha baiskeli alitusalimia kwa heshima kama anayepita mbele ya wazee. Nje ya kigango watu walikuwa wamesimama kwa makundi. Pikipiki ya Alois ilikuwa chini ya kivuli cha ukuta, kitenge bado kimefungwa kwenye kiti, na Bibi Gaudensia alikuwa ameketi kwenye benchi la mlangoni.

Marcelina aliegesha, akazima, akatoka. Alitembea moja kwa moja hadi kwa mkwewe, akapiga goti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ni wewe uliyekuwa unaendesha, au macho yangu?"

"Ni mimi, mama."

Alois alikuwa ameshafika kwenye gari. Watu walimfuata, kwa kuwa walikumbuka. Alizunguka polepole. Aliinama kwenye milango, akautazama mchirizi wangu na kuuacha bila neno. Kisha akaweka kiganja chake chote juu ya boneti, akakikandamiza. Akakiinua, akakifungua mbele ya uso wake, akakifunga, akakifungua.

"Leo hainati," alisema.

Wachache walicheka, na mimi nilishusha pumzi. Lakini hakuwa amemaliza. Alisimama kwenye ncha za vidole akatazama juu.

"Shemeji Marcelina. Nilisema linang'aa. Paa ni la kijivu kama punda."

Marcelina aliinuka pale kwa mkwewe, akapangusa goti.

"Paa, shemeji?" alisema. "Nikiwa naendesha silioni."

Kicheko kilianzia kwa wanawake waliosimama mlangoni, kikaenda hadi ukutani. Nikamtazama Alois. Alikuwa amefika pale pale alipofikishwa dada yangu siku ya arobaini, na njia mbili zilezile mbele yake, kukasirika au kucheka. Alitazama mikono yake. Alimtazama mama yake, ambaye alikuwa anacheka hadi kilemba kimelegea. Halafu na yeye akacheka, kicheko kirefu cha mtu aliyechoka kubeba kitu.

Watu wote wakawa mashahidi.

Misa ilipokwisha tulikwenda makaburini. Alois alimwinua mama yake kutoka kwenye benchi, akamwelekeza kwenye pikipiki kwa mazoea, akasita. Marcelina alikuwa ameshafungua mlango wa kushoto. Nikahamia nyuma. Bibi Gaudensia aliingizwa polepole, mguu mmoja, kisha wa pili, na alipoketi alipapasa kiti pande zote mbili.

"Hapa ndipo ulipokuwa unakaa wewe," alimwambia mkwe wake.

"Ndiyo, mama."

Alois alikifungua kitenge kwenye pikipiki, akakikunja mara nne, akakipitisha dirishani. "Mwekee mgongoni," alisema. Kisha akaongeza, akitazama pembeni, "Kliniki ni Jumanne."

"Saa moja nitakuwa mlangoni," alijibu Marcelina.

Tukaondoka. Kwa mwendo wa dada yangu, pikipiki ingeweza kutupita kabla hatujafika njia panda. Nilipogeuka nilimwona Alois yuko nyuma yetu, ndani ya vumbi letu, amevuta kofia hadi machoni, anatusindikiza.